Bandama ikiondolewa, malaria ya Kivu inabaki

Mgonjwa mwenye chembe sahani chache, zile ambazo maabara huandika plaketi, hufika hospitalini Bukavu ama Goma akitokwa damu kwenye fizi, akiwa na madoa mekundu miguuni, ama hedhi isiyokoma. Anapewa kotizoni. Hesabu inapanda, dozi inapunguzwa, hesabu inashuka tena. Baada ya miezi ya kulipia vipimo jamaa inachoka, na hapo shauri la kuondoa bandama (wengu) linasikika kama mwisho wa mateso: operesheni moja, deni moja, basi.

Jamaa ina haki ya kuchoka. Lakini haraka hiyo ni ya hatari, na zaidi mashariki mwa Kongo.

Operesheni yenyewe si upuuzi. Katika ugonjwa ambapo kinga ya mwili hushambulia plaketi, nyingi huharibiwa ndani ya bandama, na kati ya wagonjwa 3 waliopasuliwa, karibu 2 hupata nafuu ya kudumu. Mahali ambapo dawa kama rituximabu hazipatikani, ama bei yake inamshinda mwalimu, daktari hawezi kulaumiwa kwa kuifikiria. Shida ni wakati na maandalizi. Mwongozo wa 2019 wa wataalamu wa damu wa Marekani unashauri kungoja angalau mwaka 1 tangu ugonjwa ugunduliwe, maana wengine hupata nafuu bila kisu, na watoto wengi hupona wenyewe.

Tena, je, ni ugonjwa huo kweli? Malaria hushusha plaketi. VVU na homa ya ini aina ya C pia. Pengine plaketi zimegandana tu ndani ya chupa ya kipimo na mashine ikahesabu chache. Fundi akitazama tone la damu kwa darubini, kosa linaonekana. Na katika ugonjwa huu bandama kwa kawaida haivimbi. Ikiwa imevimba, kama kwa watu walioumwa malaria mara nyingi ama wenye kichocho, kuna sababu nyingine ya kutafuta kwanza.

Jambo linalosemwa kidogo ni maisha ya baadaye. Bandama huchuja bakteria na chembe nyekundu zenye vimelea vya malaria. Asiye nayo, homa inayoanza jioni inaweza kumuua kabla ya kesho kwisha, na hatari hiyo haiishi maisha yote. Kwa mkaaji wa Fizi, barabara ikiwa imekatwa na mvua ama mapigano, hiyo si nadharia. Ndiyo maana chanjo za kuzuia pneumokoki, meningokoki na hemofilusi hutolewa angalau wiki 2 kabla ya kisu. Watoto wachanga hupata ya pneumokoki katika chanjo za kawaida. Mtu mzima lazima aitafute. Hospitali inayopanga tarehe ya operesheni bila kupanga chanjo inauza nusu ya matibabu.

Mwenye plaketi zaidi ya 30,000 asiyetokwa damu anaweza kungoja huku akifuatiliwa. Anayetokwa damu na dawa zimeshindwa, huyo apasuliwe. Lakini atoke hospitalini na karatasi inayosema hana bandama, antibiotiki za kuweka nyumbani, na chandarua.