Visiwa vya Nchi Kavu: Vilima vya Masasi Vifundishwe kwa Miguu

Mwanafunzi wa kidato cha pili akiulizwa habari za milima ya Tanzania, jibu lake la kwanza huwa Kilimanjaro. Atataja mita 5,895 bila kusita, na pengine atakumbuka kwamba tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera na Mwenge wa Uhuru kileleni. Hayo ni mema. Lakini ikiwa mwanafunzi huyo anatoka Lupaso, mwulize juu ya vilima vya mawe vinavyouzunguka mji wa Masasi: vimetokana na nini, na kwa nini kila kimoja kimesimama peke yake? Mara nyingi atanyamaza. Kimya hicho ndicho ninachotaka tukijadili.

Vilima vya namna hii vina jina katika jiografia ya dunia nzima, na jina hilo lilitokana na safari zilizofanywa katika nchi yetu. Mjerumani Wilhelm Bornhardt, aliyechunguza miamba ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, alivifananisha na visiwa vinavyochomoza baharini. Katika kitabu chake cha mwaka 1900 aliviita inselbergi, maana yake milima-visiwa. Maarifa hayo aliyapata kwa kusafiri. Na kama ilivyokuwa kwa misafara yote ya wakati ule, alitegemea wapagazi na viongozi wa njia Waafrika, ambao majina yao ni nadra kuandikwa.

Sayansi inatueleza nini? Miamba ya Masasi ni miamba geu ya kale sana, iliyoumbika kwa joto na mgandamizo mkubwa chini ya ardhi mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita. Maji ya mvua yalipenya katika nyufa na kuuozesha mwamba polepole. Penye nyufa nyingi mwamba ulioza upesi. Penye nyufa chache ulidumu. Baadaye mmomonyoko uliuondoa udongo uliooza, na sehemu ngumu zikabaki zimesimama. Kwa hiyo kilima hakikuinuka. Ni nchi iliyokizunguka ndiyo iliyoshuka. Kisha nenda Newala, ukingoni mwa Uwanda wa Makonde. Huko utakuta miamba tabaka yenye mchanga mwingi, ambamo maji ya mvua huzama upesi, na ndiyo maana kwa miaka mingi watu wa uwandani waliteremka mabondeni kutafuta maji. Wilaya mbili jirani, miamba miwili tofauti, maisha mawili tofauti.

Somo hili halitoshi kuandikwa ubaoni. Wanafunzi na wapime joto kivulini chini ya kilima, kisha juu yake. Kwa kawaida joto hupungua kiasi cha nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000. Kwa mita 300, yaani, karibu nyuzi 2. Wakipata jibu jingine, wasilifute: watafute sababu, kwani jiwe lililoota jua hulipasha joto hewa iliyo karibu nalo. Wachunguze pia mimea inayoishi juu ya jiwe tupu. Baadhi ya mimea ya jenasi ya Xerophyta, inayoota katika miamba ya aina hii, hukauka kama iliyokufa, na mvua ikinyesha hurudia uhai wake.

Wapo watakaosema kwamba safari kama hii ni starehe ya watalii, au kwamba ni hatari. Hoja ya kwanza siikubali. Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa mwaka 1967 ilitutaka tusitenge shule na mazingira yake, na kilima kilicho karibu hakidai nauli ya ndege. Hoja ya pili ni ya kweli, wala haifai kupuuzwa. Jiwe lililolowa huteleza, na radi hupenda mahali palipoinuka. Basi safari ifanywe wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, alfajiri kabla ya jua kali. Serikali ya kijiji ipewe taarifa. Kila mtu awe na maji ya kunywa. Na saa ya kurudi ijulikane kwa waliobaki.

Zaidi ya yote, pawe na kiongozi. Simaanishi mwalimu peke yake, bali mzee au kijana wa kijijini anayejua njia, chemchemi, mahali pa nyuki na mahali pa kuheshimiwa. Alipwe kwa kazi yake kama wanavyolipwa waongozaji wa Kilimanjaro, na jina lake liandikwe katika daftari la kila mwanafunzi pamoja na vipimo vya siku hiyo. Tusirudie kosa la misafara ya zamani.

Kuna jambo kubwa nyuma ya hayo. Jiwe likishavunjwa kuwa kokoto halirudi, na msitu wa mteremkoni ukichomwa, udongo wake huchukuliwa na mvua ya kwanza. Kijana asiyekijua kilima atakiona kuwa rundo la mawe ya kuuza. Aliyekipanda, akakipima na kuelezwa habari zake atakuwa na sababu ya kukitetea. Walimu wenzangu wa Masasi na Newala, visiwa vyetu tunavyo mlangoni. Kinachotakiwa ni kutoka nje ya darasa.