Shukrani Isiyofunga Kinywa



Wahenga walinena kwamba asiyeshukuru kwa kidogo, hata kwa kikubwa hatashukuru. Methali hii ni ya kweli, na kila kijana aizingatie. Lakini hapa kwetu Uganda wapo wanaoigeuza kuwa kufuli la kinywa. Darasa likijengwa kwa fedha za umma, wanafunzi hupangwa juani wakimsubiri mgeni rasmi, wamwimbie na kumshukuru kana kwamba aliuza ng'ombe wake ili alijenge. Mzazi akiuliza kwa nini ukuta umeanza kupasuka, huambiwa, "Wewe huna shukrani!" Desturi hii naipinga.

Tuanze na lugha yenyewe. Neno "asante" limetokana na Kiarabu "ahsanta", yaani umetenda vyema. Jirani zetu wa Rwanda husema "murakoze", neno lililozaliwa na kitenzi "gukora", kufanya kazi. Nao Waganda wakimkuta mtu analima, hata kama hawamjui wala shamba si lao, humwambia "weebale emirimu", asante kwa kazi. Lugha zote tatu zinashuhudia jambo moja: shukrani humwendea aliyetenda.

Je, ni nani aliyetenda katika lile darasa? Fundi alikoroga saruji na kupanga matofali. Na fedha zilitoka wapi? Kodi ya Ongezeko la Thamani nchini mwetu ni asilimia 18. Mama anunuapo kipande cha sabuni, kodi hiyo imo tayari katika bei, hata kama hajawahi kukanyaga ofisi ya kodi. Ibara ya 17 ya Katiba ya mwaka 1995 inataja kulipa kodi miongoni mwa wajibu wa raia. Aliyetimiza wajibu wake hawi ombaomba anapopata huduma. Anapokea haki yake.

Watatujibu: "Mbona mpishi wa shule naye hulipwa, na bado mnawafundisha watoto kumshukuru?" Swali hili ni la haki. Mpishi aamkaye alfajiri kuwasha moto chini ya sufuria ya posho na maharagwe anastahili asante yetu kila siku, na ni aibu kwamba wengi wetu hupokea sahani bila hata kumtazama usoni. Lakini tukimshukuru, hadai kwamba chakula ni chake. Tena maharagwe yakija mabichi kesho, asante ya leo haituzuii kumwambia. Vivyo hivyo, kiongozi aliyesimamia ujenzi kwa uaminifu tumpongeze, huku tukibaki na haki ya kumdai hesabu.

Kushukuru, kupongeza na kujipendekeza ni vitenzi vitatu vyenye maana tatu. Kushukuru ni kutambua wema uliotendewa. Kupongeza ni kusifu kazi iliyofanywa vizuri. Kujipendekeza ni kutoa sifa kwa hofu au kwa tamaa ya fadhila. Anayewafundisha watoto kitenzi cha tatu na kukiita cha kwanza huiharibu lugha, na humharibu raia pia.

Sisemi basi tupunguze shukrani. Nasema tuirudishe kwa wenyewe. Wiki hii mshukuruni mfagiaji wa uwanja, mlinzi wa lango na mwenzenu aliyewaazima daftari. Tajeni jina la mtu na kazi aliyoifanya, kwani asante isiyotaja tendo hupita kama upepo. Na mgeni rasmi atakapokuja, mpokeeni kwa adabu na mpigieni makofi. Kisha mmoja wenu ainue mkono aulize, kwa Kiswahili fasaha: darasa hili limegharimu shilingi ngapi, na nani atautengeneza ule ukuta? Akikasirika, mtajua kwamba alichokuwa akikidai si shukrani.