"Dawa Imenikataa": Kauli Inayostahili Kusikilizwa

Mkaazi wa Kuze au Kibokoni anapodhuriwa na dawa, aghalabu husema, "Dawa hii imenikataa." Wapo wasomi wanaoicheka kauli hiyo, kana kwamba msemaji ameipa dawa hiari na moyo. Nami naona ina ujuzi ndani yake: haisemi kuwa dawa ni mbaya, wala haimtii mgonjwa kasoro, yasema tu kwamba wawili hawa hawakupatana.

Elimu ya jeni nayo imefikia hapo hapo. Tuitazame Lapdap, dawa ya malaria iliyochanganya chlorproguanil na dapsone. Mwaka 2008 iliondolewa sokoni, baada ya majaribio kuonyesha kuwa iliwapunguzia damu kwa kiwango cha hatari wagonjwa wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Kimeng'enya hicho huzilinda chembe nyekundu za damu. Kikipungua, baadhi ya dawa huzipasua. Wengine waliimeza dawa iyo hiyo wakapona. Upungufu huo ni wa kurithi, na kama selimundu, umeenea zaidi mahali palipokaliwa na malaria kwa muda mrefu, pwani yetu ikiwamo.

Je, daktari akisie kwa kabila? La. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, wa mifupa kutoka makaburi ya kale ya Waswahili, ya Mtwapa yakiwamo, ulibaini mchanganyiko wa nasaba za Kiafrika na Kiasia ulioanza yapata mwaka 1000. Jina la ukoo wa Mji wa Kale (nasi twayapenda mno majina hayo!) halimwambii mtu kimeng'enya chake kikoje. Kitakachomwambia ni kipimo.

Lakini kabla ya kipimo kuna mazungumzo, na hapo ndipo fani yetu inapohitajika. Mijadala ya istilahi imezunguka mno kwenye "jeni" na "vinasaba", maswali yenyewe yakasahauliwa. Muuguzi akiambiwa "imenikataa", aulize: ilikukataa vipi? Mkojo uligeuka mweusi? Macho yaliingia manjano? Na ikiwa mgonjwa ni mtoto wa kiume: mjomba wake je? Maana upungufu huu hupitia kromosomu ya X, ambayo mvulana huipata kwa mamake. Ami hahusiki. Kiingereza huwaita wote wawili kwa neno moja. Fomu ikitafsiriwa kutoka huko na kuuliza tu juu ya "ndugu za wazazi", huitupa tofauti ambayo kila mtoto wa Mombasa huijua kabla hajatiwa chuoni.