Kuokoa umeme na mkaa: si kila tundu ni ufa

WAHENGA walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni methali ya busara, lakini katika baadhi ya nyumba za kupanga hapa Nyakabiga inatumika mahali pasipo pake. Umeme ni ghali, mkaa ni ghali, kila mtu anatafuta namna ya kubana matumizi, na katika kubana huko watu wanaziba hata matundu ambayo fundi aliyaacha kwa makusudi. Kuokoa nishati ni jambo la lazima. Lakini likifanywa kienyeji, bila mwenye nyumba na mpangaji kukubaliana, hasara yake hupita akiba.

Ieleweke kwanza kwamba umeme tunaowasha hapa Bujumbura unatoka mbali. Bwawa la Rwegura, lililoanza kazi mwaka 1986, lina uwezo wa megawati 18. Mtambo wa Ruzizi II, wa mwaka 1989, tunaumiliki pamoja na Kongo na Rwanda. Mtambo wa Rusumo, wenye megawati 80, tunagawana na Rwanda na Tanzania. Kwa hiyo umeme nao ni bidhaa inayovuka mpaka. Ninyi mnaopita Gatumba, Kobero au Mugina na mizigo yenu mnaelewa kwamba mali iliyotoka mbali haimwagwi mlangoni.

Kwa nini basi inamwagwa? Nyakabiga iko jirani na kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi, na vyumba vingi vya uani wanaishi wanafunzi, wafanyabiashara wadogo na sisi tuliorudi kutoka uhamishoni ambao hatujapata kiwanja. Mara nyingi ua mzima una mita moja ya Regideso, na gharama hugawanywa kwa idadi ya milango. Mwenye taa moja analipa sawa na mwenye jokofu. Katika hali hiyo, anayejinyima hapati faida yoyote. Mwenye nyumba naye haoni sababu ya kutengeneza kitu, kwani halipi umeme huo. Mpangaji hataki kutia fedha zake katika nyumba ambayo anaweza kuambiwa aihame mwezi ujao.

Mimi ni mwalimu, niruhusuni nipige hesabu. Taa ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila siku, kwa siku 30 inakula yuniti 9. Taa ya LED ya wati 9, yenye mwanga unaokaribiana na huo, inakula yuniti 1 na theluthi hivi. Ua wenye vyumba sita, kila kimoja na taa moja, utaokoa karibu yuniti 46 kwa mwezi bila kugusa ukuta wala bati. Hapo ndipo pa kuanzia.

Hatari huanza mtu anapogusa nyaya. Jiko la umeme la wati 1,500 na pasi ya wati 1,000 vikitumika pamoja huvuta karibu ampea 11. Ukivipitisha kwenye waya mwembamba wa taa, waya huo huchemka ndani ya dari ambako hakuna anayeuona. Anayebadilisha fyuzi kwa kipande cha waya ili umeme usikatike ameondoa mlinzi na kumwacha mwizi ndani. Wafanyabiashara mnaoleta nyaya mijini, tafadhalini msituletee zile nyembamba kwa sababu tu ni rahisi kuuza.

Hatari kubwa zaidi ni ya mkaa. Jiko lililowekewa udongo wa kuchoma ndani, la aina iliyoenea Kenya tangu miaka ya 1980, hupunguza mkaa kwa kiasi kikubwa likilinganishwa na imbabura ya bati tupu. Linunuliwe. Lakini hata jiko bora hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Mpangaji ameziba matundu ya juu ya dirisha kwa magazeti ili mbu na vumbi visiingie. Mvua inaponyesha usiku anaingiza jiko ndani, au analiweka chini ya kitanda ili moto uliobaki usipotee bure. Mtu wa namna hiyo anaweza asiamke. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, itokanayo hasa na kupikia kwa kuni, mkaa na mafuta ya taa, iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Mbu azuiwe kwa wavu. Tundu libaki wazi.

Kuhusu joto, wengi wetu tuliorudi tunakumbuka nyumba za udongo na nyasi za kambini mkoani Kigoma. Zilikuwa na taabu zake, lakini mchana zilikuwa na ubaridi kwa sababu nyasi hazipitishi joto kama bati. Hapa mjini dari husaidia sana, feni ikapumzika. Ila dari iliyofungwa pande zote hukusanya joto na unyevu, mbao zikaoza. Aachiwe fundi nafasi ya hewa kutoka chini ya paa, iwekwe wavu wa kuzuia popo. Bati likipigwa misumari, ipigwe kwenye mgongo wake, si kwenye bonde linalopitisha maji. Ukuta wa matofali mabichi usikandikwe saruji nzito inayofungia maji ndani. Chokaa nyeupe huakisi jua na kuacha ukuta ukauke.

Je, nani alipe? Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Napendekeza wenye nyumba na wapangaji waandikiane karatasi, hata ukurasa mmoja: kazi gani itafanywa, fundi gani ataifanya, gharama itakatwa kwenye kodi kwa miezi mingapi, na kwamba kodi haitapandishwa wala mpangaji kufukuzwa bila sababu kabla gharama hiyo haijaisha. Kila chumba kiwe na mita yake ndogo, ili anayeokoa aione akiba yake. Mpangaji naye asitoboe ukuta, asizibe tundu wala asivute waya bila mwenye nyumba kujua.

Viongozi wa mitaa wanaosuluhisha ugomvi wa kodi kila wiki wangeweza kuwa mashahidi wa karatasi hizo. Itawapunguzia kazi, na mvua zijazo zitatukuta tukiwa na nyumba zinazopumua.