Kidonda Kisichouma Kisifichwe

Ndugu zangu wa Lushoto, Soni, Bumbuli, Mlalo na Mtae,

Usambara ni nchi ya kupanda na kushuka. Twende shamba, twende gulioni, mawe ni yale yale. Mwenye mguu mzima akichomwa na mwiba husimama akautoa. Lakini ukoma ukishaharibu neva, mguu hufa ganzi. Mtu huukanyagia mwiba ule kutwa nzima, kesho na keshokutwa, mpaka unyayo utoboke. Jikoni hushika sufuria ya moto asijue kwamba anaungua. Vidonda vingi vya ukoma huanza hivyo. Si uchawi, wala si laana ya ukoo.

Kuna na vidonda vya nadra. Kabla ya tiba, katikati yake au hata baada ya kuimaliza, mwili unaweza kuvishambulia vimelea vya ukoma, hata vilivyokwisha kufa, kwa ukali mno. Mgonjwa hupata homa na vinundu vyekundu vinavyouma. Mara chache sana ngozi huwa nyeusi na kuchimbika vidonda sehemu nyingi kwa pamoja. Hiyo ni dharura. Asiache dawa za ukoma kwa kudhani ndizo zinazomdhuru. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani hali hiyo nayo ina dawa zake.

Mwaka 2006 Tanzania ilifikia kiwango cha chini ya mgonjwa 1 wa ukoma kwa kila watu 10,000. Ni hatua kubwa, ila imetusahaulisha dalili, na wagonjwa wapya bado wanagunduliwa nchini kila mwaka.

Basi tukaguane. Ukiona baka lililopauka au jekundu lisilosikia mguso, nenda zahanati. Dawa ni bure, kwa miezi 6 au 12, na anayezitumia haambukizi tena. Mwenye ganzi avae viatu vyenye soli imara, aloweke miguu, aipake mafuta, na kila jioni amwombe mtu wa nyumbani amtazame nyayo. Akipata kidonda, apumzishe mguu. Jirani amchotee maji na kumlimia.

Viongozi wa dini, walimu, wenyeviti wa vitongoji: lisemeni jambo hili hadharani. Aliyejificha ndani kwa aibu, mfuateni, mketi naye, kisha mmsindikize zahanati.