Daftari la Pamoja: Rai kuhusu Kikomo cha Maombi katika Tovuti za Vyuo

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii inawahusu pia wasanifu wa tovuti za vyuo. Siku ya mwisho ya kusajili kozi inapowadia, wanafunzi walio Thika na wenzao wa Ruiru huifungua tovuti kwa wakati mmoja, na kila wanapobofya, ombi huifikia seva. Ili seva isilemewe, kila mwanafunzi huwekewa kikomo, tuseme maombi 10 kwa dakika. Anayezidisha hujibiwa kwa msimbo 429, uliosanifishwa mwaka 2012. Swali linalopuuzwa ni hili: hesabu hiyo iandikwe wapi?

Wapo wanaoiweka katika kumbukumbu ya seva yenyewe. Njia hii ni nyepesi, nayo yatosha palipo na seva moja. Zikiwa mbili, moja Thika na nyingine Ruiru, kila moja huwa na daftari lake. Mwenye haki ya maombi 10 aweza kupata 20. Wengine huiandika katika hifadhidata iliyo kwenye diski. Hapo hesabu hudumu, lakini hifadhidata huongezewa kazi saa ileile inapohitajika kwa usajili wenyewe.

Rai ya makala haya ni kuwa seva zikizidi moja, pawe na daftari moja la pamoja, lililo katika kumbukumbu. Mfano mwafaka ni Redis, programu iliyoanzishwa na Mwitalia Salvatore Sanfilippo mwaka 2009. Jina lake ni ufupisho wa maneno yenye maana ya seva ya kamusi ya mbali. Kidahizo ni namba ya usajili ya mwanafunzi. Maana yake ni idadi ya maombi. Nyongeza hufanywa kwa hatua moja isiyogawika, hivyo seva mbili haziwezi kuhesabu ombi la saba mara mbili. Dakika ikiisha, kidahizo hujifuta.

Kidahizo kisiwe anwani ya intaneti, kwa sababu bweni zima huweza kutumia anwani moja, na kosa la mmoja likawafungia wote.

Yamkini atatokea wa kuuliza: mawasiliano na daftari hilo yakikatika? Hapo kila seva irejelee daftari lake kwa muda. Afadhali wachache wapate ziada kuliko asiye na kosa akose kusajiliwa. Uamuzi huo wapaswa kufanywa na chuo mapema, kabla ya siku ya msongamano.