Visiki vya miombo viachwe

Kuvu haina mdomo wala tumbo: humwaga vimeng'enya nje ya mwili wake, huozesha jani au gogo, kisha hufyonza kilichoyeyuka. Katika misitu ya miombo ya Tanzania, nyuzi za baadhi ya kuvu huvika mizizi ya miti, zikiipatia fosforasi na kulipwa sukari. Kwa hiyo anayeng'oa visiki pamoja na mizizi yake anaua hata kuvu hizo, walishaji wa msitu. Miche ya kitaluni pekee haitoshi kufidia hasara hiyo. Atakayenikumbusha sumukuvu ya mahindi, iliyoua watu 125 Kenya mwaka 2004, ana haki. Lakini balaa lile lilitokana na mahindi kuhifadhiwa yakiwa na unyevu. Tiba yake ni kuyakausha vizuri, wala kuvu ya mizizini haihusiki.